Trak Yenye Jina la Chiriku

Noti za kwanza hazikuandikwa na mtu. Besi alikuwa mtengeneza muziki. Stoo ya nyumba yao aliibandika trei za mayai ukutani akaiita studio, na mtu yeyote aliyeiita stoo mbele yake alinuniwa wiki nzima. Asubuhi hiyo alifungua kompyuta akakuta trak, yaani mkondo mmoja wa wimbo, aliyoiacha tupu imejaa. Vijistari vya kijani, kila kimoja noti moja, vilijipanga kwenye kiwambo vizuri kuliko alivyowahi kuvipanga yeye. Chumba kilinuka nywele zilizoungua.

Mtu mwenye akili angejiuliza. Besi aliiunganisha trak na piano, akasikiliza, akahitimisha kwamba kumbe akisinzia ndipo kipaji chake huamka.

MIDI, lugha ya vijistari hivyo, kwa asiyeijua, si sauti. Ni amri tu: bonyeza hapa, kwa nguvu hii, sasa achia. Nani atatii, piano au ngoma au filimbi, fundi ndiye huamua. Na amri ya kubonyeza isipofuatwa na ya kuachia, noti hukwama, ikaendelea kulia mpaka mtu aje aiachie.

Wimbo ule ulimfaa mdogo wake, mwimbaji ambaye mtaa mzima ulimwita Chiriku. Kwa hiyo Besi akafanya kile mafundi wote hufanya ili wasichanganye kazi: akafuta neno "piano" kwenye trak, akaandika "Chiriku".

Akabonyeza kucheza. Piano haikulia. Jikoni kukasikika kofi.

Chiriku alikuja mlangoni na povu la sabuni mikononi, mdomo umepasuka, akauliza kwa upole wa mtu aliyeshtuka ni nani aliyeingia ndani. Hakuna, alijibiwa, labda ameteleza. Besi alikuwa na shida na spika zake, hakuwa na nafasi ya midomo ya watu. Akacheza tena. Safari hii aliona kwa macho yake: bega la mdogo wake likarushwa nyuma, kichwa kikagonga fremu ya mlango, kisha mbavu, kisha mbavu tena, kwa mpigo sawasawa, kila pigo likitua pale pale mstari wa kuchezea, ule unaotembea na wimbo kwenye kiwambo, ulipogusa kijistari cha kijani.

Alisimamisha wimbo. Mstari ukaendelea kutembea.

Akafuta noti, zikarudi zikiwa ndefu zaidi. Akafuta jina, likajiandika. Akampigia simu mganga mmoja jirani, mwanamume wa suti aliyekuwa na kadi inayomtambulisha kama Daktari wa Visivyoonekana, na huyo alifika upesi, akanusa hewa, akatikisa kichwa kwa maarifa makubwa na kutangaza kwamba majini hayapendi umeme.

"Usiguse waya," Besi alimnong'oneza. "Kuna noti ndefu imeanza. Iache iishe."

"Kijana, nani mganga hapa?" alisema yule bwana, akachomoa.

Kompyuta ikazima katikati ya noti, amri ya kubonyeza ikiwa imeshatolewa na ya kuachia ikiwa haijafika, na Chiriku, aliyekuwa ameketi sakafuni akijifuta damu, akainuliwa juu kwa koo na kitu kisichoonekana, ngozi ya shingo ikibonyea katika alama za vidole, visigino vikipigapiga ukuta na kuangusha trei za mayai, macho yakimtoka, wakati mganga akipitia dirishani na suti yake ikichanika kwenye kitasa na Besi akiipapasa simu yake kwa sababu kuisubiri kompyuta iwake ilikuwa sawa na kusubiri maiti. Simu ilikuwa na programu ndogo ya muziki. Akafungua trak, akaandika jina la mdogo wake. Alijua la kufanya: abonyeze noti ileile, kisha aiachie. Lakini kubonyeza nako ni pigo, na kwenye kioo cha simu ukigusa ufunguo wa piano chini unagonga kwa nguvu, ukigusa juu kabisa unagonga kidogo, na kidole chake kilikuwa kinene, kimelowa jasho, na midomo ya Chiriku ilishakuwa rangi ya majivu.

Akagusa juu kabisa. Chiriku akatikisika.

Akainua kidole.

Chiriku alianguka kama gunia, akakohoa, akavuta hewa iliyopiga mluzi ikiingia. Besi alimsogelea kwa magoti huku akilia. Mdogo wake akarudi nyuma mpaka mlangoni.

"Kaka," alisema, sauti ikikwaruza. "Pigo la mwisho lilikuwa lako."

Besi akakubali, akaomba radhi, akaanza kueleza mambo ya kubonyeza na kuachia. Chiriku alimwacha amalize.

"Mkono huo nimeshaujua," alisema taratibu. "Na mapigo mengine yote ni ya mkono huohuo."

Besi akautazama mkono wake. Simu ilikuwa sakafuni, imezima, lakini kidole chake cha shahada kilikuwa kinapanda na kushuka pajani, kikigonga. Akakikamata kwa mkono wa pili. Mkono wa pili nao ukaanza.

Chiriku alitoka, akafunga mlango kwa nje. Alisimama barazani kwenye jua la mchana ameshika koo, majirani wakipita na kusalimia, naye akiitikia kwa kichwa. Ndani, kaka yake aliufikia mlango, akagonga kwa adabu kama mgeni.

"Mdogo wangu, nifungulie." Sauti ilikuwa yake kabisa. "Ni mimi."

Akagonga tena kwenye mbao, na ubavu wa Chiriku ukabonyea.

Alianza kukimbia. Nyuma yake, Besi akaanza kugonga kwa mikono miwili.