Mshenga wa Maboga

Asubuhi huko Iowa mahindi hunong'ona. Orrin Haugen aliyasikia tangu utotoni, kwa maana baba yake alilima mahindi, na babu yake pia. Hata sasa mahindi ya watu yalilizunguka shamba lake pande zote, marefu na ya kijani, mpaka macho yanapochoka. Lakini kipande chake yeye kilikuwa cheupe. Maboga yake yalilala chini ya kitambaa chepesi, mstari baada ya mstari. Upepo ukipita, kitambaa kilipanda na kushuka polepole, kama kifua cha mtu aliyelala.

Orrin alipenda kusimama pale na kikombe chake cha kahawa. Mara nyingi kahawa ilipoa kabla hajainywa.

"Umeanza tena kuota," mkewe Lenore alimtania, mikono imejaa fijili. "Au hizi zitajiosha zenyewe?"

"Sioti. Naangalia shamba."

"Unaangalia huku umefumba macho?"

Orrin alicheka, lakini moyoni hakuwa na amani. Mwaka uliopita vidudu vyenye mistari ya njano na nyeusi vilikuwa vimekula miche yote ya maboga, hata mmoja haukubaki. Kaka yake Galen, mkulima wa mahindi na soya, alimcheka sana. Orrin kwa hasira akamwambia, "Maboga yakinikatalia tena, chukua kipande hiki upande mahindi yako." Galen hakusahau. Kila walipokutana kanisani aliuliza, "Vipi, nilete trekta?"

Ndiyo maana mwaka huu Orrin alifunika. Aliifunika miche ikiwa midogo, akakandamiza kingo za kitambaa kwa udongo. Hakuna kidudu kilichopenya. Majani yakanenepa, yakatanda, yakakiinua kitambaa juu.

Siku moja ya Julai, binti yao Tilda aliinua upindo wa kitambaa akachungulia. Ndani mlikuwa na mwanga laini kama wa ndotoni. Maua makubwa ya manjano yalikuwa yamefunguka kila mahali.

"Baba, ni pazuri huku! Ningeweza kulala humu."

Akatoka na kitu kiganjani. Kilikuwa kiboga kidogo kama kidole gumba, kimelegea na kuoza nchani.

"Viko vingi hivi," alisema. "Ukivigusa tu, vinaanguka."

Orrin alimwagilia maji. Akaongeza mbolea. Viboga viliendelea kuanguka. Jioni alikaa kwenye ngazi za nyumba, na Lenore akakaa naye.

"Pengine ardhi hii inataka mahindi tu," Orrin alisema mwishowe. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeaga. Lenore aliumia kuisikia.

Kesho yake mapema Lenore alivuka barabara kumwita Bi Verna Kolar. Mama huyo alikuwa amelima mboga miaka mingi. Alikuja na aproni yake, akainama, akachungulia chini ya kitambaa. Akaanza kucheka.

"Orrin, mwanangu, umewafanyia nini hawa?"

"Nimewakinga na vidudu."

"Umewakinga kweli. Bwana harusi yumo, bibi harusi yumo. Mshenga umemfungia nje!"

Orrin hakuelewa. Bi Kolar alichuma ua moja lenye bua refu jembamba.

"Hili ni dume. Katikati lina unga wa manjano. Unaitwa chavua. Sasa tazama lile. Lina kiboga kidogo shingoni, si ndiyo? Hilo ni jike. Unga wa dume usipolifikia, kiboga chake kinaoza."

"Lakini upepo unapita kwenye kitambaa," Orrin alisema. "Mvua inapita, jua linapita. Kwani si upepo unaobeba unga? Kwenye mahindi ya baba..."

"Ahaa! Ndiyo hapo!" Bi Kolar alimpiga begani. "Wewe ni mtoto wa mahindi, unafikiri dunia yote ni mahindi. Unga wa mahindi ni mwepesi, unapeperuka. Gusa huu."

Orrin aligusa. Unga ulimnata kidoleni. Alipuliza, haukutoka.

"Unahitaji miguu ya nyuki," Bi Kolar alisema. "Kufunika ni vizuri miche ikiwa midogo. Ukiona ua jike la kwanza, funua."

"Na vile vidudu?" Lenore aliuliza.

"Mmea mkubwa huvumilia kutafunwa kidogo. Vikizidi, viokoteni asubuhi mvitumbukize kwenye maji ya sabuni. Lakini msipulize dawa maua yakiwa wazi. Mtamuua mshenga."

"Nimechelewa?" Orrin aliuliza. Hilo ndilo alilotaka kujua.

"Bado. Ila nyuki hawajaijua njia ya huku. Wasaidieni kwanza."

Wakafunua siku ile ile. Alfajiri zilizofuata familia nzima ilitembea ndani ya ukungu, viatu vimelowa umande. Walichuma maua madume, wakamenya petali zake, wakayagusisha taratibu kwenye maua majike.

"Mume wangu, unavuma kama nyuki kabisa," Lenore alisema.

"Nyuki mwenye kitambi," Tilda aliongeza, na Orrin akavuma kwa nguvu zaidi.

Kisha nyuki wenyewe wakaja. Kwanza wachache, baadaye wengi, na shamba likawa na sauti yake. Viboga vikaacha kuanguka. Vikawa kama ngumi, kisha kama vichwa vya watoto.

Mwisho wa Agosti, baada ya chakula cha mchana, Galen alifika kupima kipande alichoahidiwa. Alikuta maboga makubwa yameanza kugeuka rangi ya machungwa. Akafungua mdomo kuuliza.

"Shh, baba mkubwa," Tilda alimzuia. "Wamelala."

"Nani wamelala?"

Tilda alimwonyesha ua lililojifunga kwa sababu ya joto la mchana. Galen alipiga magoti kwa shida, akatega sikio. Tilda akaliminya ua kidogo. Ndani yake kitu kikavuma, kwa uvivu, kama mtu anayekataa kuamshwa.

"Nyuki dume wa maboga," Orrin alieleza. "Maua yakijifunga, hulala humo."

Galen alibaki amepiga magoti muda mrefu, sikio kwenye ua. Aliposimama, hakupangusa hata udongo magotini.

"Nilikuja na trekta," alisema kwa sauti ya chini. "Iko pale barabarani."

Orrin alimtazama.

"Nitairudisha polepole," alisema Galen. "Nisije nikawaamsha."