Kiwiko cha Mama

Sindano alikuwa anapiga pindo la sketi, na cherehani ilikuwa inakwenda bila kukwama. Mlango wa kibanda cha ushonaji ulikuwa wazi. Pembeni, juu ya kigoda, mama yake alikuwa anashona vifungo kwa mkono.

Watu walimwita Sindano kwa sababu alikuwa mwembamba na hakuwa na maneno mengi. Mbele ya wageni sauti yake ilijificha. Lakini mteja akileta kitambaa, Sindano alikuwa mtu mwingine. Nguo ni ya shughuli gani? Itavaliwa lini? Utakaa tu au utacheza? Viatu vina kisigino? Mpaka apate majibu yote, mkasi haukugusa kitambaa.

Wiki hizo alikuwa anashona huku akitabasamu peke yake. Zilikuwa zimebaki wiki tano aolewe. Mchumba wake alikuwa mwoka mikate wa mtaa wa pili, mtu mkubwa mwenye kicheko kikubwa. Hata akitoka kuoga, nyusi zake zilibaki na unga.

Juu ya cherehani, ukutani, ilitundikwa picha ya harusi ya dada yake mkubwa. Wote walipendeza. Bwana harusi alisimama wima, bibi harusi alicheka, mjomba alitoa kifua mbele. Na pale pembeni kabisa, kushoto, palionekana kiwiko cha mtu na nusu ya sinia.

Kiwiko kile kilikuwa cha Mama.

Siku ile Mama alikuwa akienda mbio toka jikoni hadi ukumbini. Mpiga picha hakumjua, wala hakuna aliyemwambia. Picha zilipoletwa, walimtafuta Mama katika zote, wakapata kiwiko tu. Basi kikawa kichekesho cha nyumbani. Mgeni akija, dada mkubwa aligusa kioo na kusema, "Huyu mume wangu, huyu mjomba, na huyu ni mama yetu." Watu walicheka, na Mama alicheka kuliko wote.

Lakini siku moja Sindano aliingia ghafla, akamkuta Mama anafuta kioo kile kwa kitambaa. Alifuta pale penye kiwiko, akarudia, akarudia tena. Sindano alijiambia moyoni: harusini kwangu, Mama ataonekana mzima, toka kilemba hadi kandambili.

Siku hiyo ya sketi, mchana, mchumba alifika na mkate wa moto kwapani na simu mkononi. Alikuwa amepata mpiga picha. Akafungua simu, na kweli picha zilikuwa nzuri. Bibi harusi mmoja alikuwa kwenye ngazi. Mwingine shela lake lilipeperuka kama moshi. Sindano alisahau hata kuumega mkate. Mpiga picha alitaka jibu kesho yake.

"Umemwuliza nini?" Sindano alisema.

"Nimemwuliza kama siku hiyo ana nafasi. Akasema nisiwe na wasiwasi."

Wakati huohuo aliingia Mama Vioo, jirani wa kibanda cha pili. Huyu alikata vioo na kutengeneza fremu za picha, na ulimi wake ulikata vilevile. Alikuja kuchukua blauzi yake iliyokuwa ikimbana. Akaichukua simu, akatazama picha moja baada ya nyingine, halafu akamgeukia mchumba.

"Shemeji, hapa kuna picha kumi na mbili. Mabibi harusi ni wangapi?"

Mchumba akahesabu. Walikuwa kumi na wawili.

"Basi umeonyeshwa kola kumi na mbili," alisema Mama Vioo. "Gauni zima hujaliona hata moja."

Sindano alisimamisha cherehani. Hilo alilielewa mara moja. Mtu anaweza kushona kola safi kabisa, na mikono ya gauni ikawa haina ulinganifu.

Mama Vioo akakaa. Alisema picha zote za harusi za mtaa ule hupita mikononi mwake, kwa hiyo anajua nani aliondoka akicheka na nani alilia juu ya meza yake. Kuna mmoja ambaye baba mzazi hakutokea hata kwenye picha moja. Kuna aliyesubiri picha mpaka mtoto wake wa kwanza akaanza kutembea. Kuna ambao ukumbi wao ulikuwa na giza, wakatoka macho na meno tu. Na kuna ambaye picha zake zote zilikuwa kwenye kadi moja ya kamera, kadi ikaharibika, na harusi ikapotea nayo.

"Wote nawauliza, mlimwuliza nini kabla hamjakubaliana naye? Na wote wananijibu kama shemeji hapa. Tulimwuliza kama ana nafasi."

Mchumba akajikuna kichwa. Unga kidogo ukadondoka.

Sindano alisema kwa sauti ya chini kwamba yeye anaona haya. Kumwuliza mtu maswali mengi ni kama kumwambia humwamini.

"Nilipoleta blauzi hii, uliniuliza maswali mangapi?"

"Kama saba."

"Ukaniuliza mpaka kama huwa nainua mikono juu. Nilikasirika?"

"Hapana, dada."

"Nilijua nimefika kwa fundi. Sasa na wewe kamwulize yule kama unavyoniuliza mimi."

Sindano akachukua karatasi ya kuandikia vipimo. Mama Vioo akasema, yeye akaandika taratibu, herufi baada ya herufi. Je, utakuja mwenyewe au utamtuma mtu? Tunaomba kuona harusi moja nzima, toka mwanzo hadi mwisho. Tunaomba kuona picha ulizopiga ndani, penye mwanga hafifu. Ukiugua siku hiyo, nani atakuja? Picha unazihifadhi mahali pangapi? Tutazipata lini? Malipo haya ni ya muda wa saa ngapi, na albamu imo? Utaweka picha zetu hadharani bila kutuuliza? Na mwisho, kwa herufi kubwa: yote haya yaandikwe, sote tutie sahihi.

Mama, aliyekuwa bado na vifungo vyake, akainua kichwa. "Muulizeni na atakula saa ngapi. Yule wa harusi ya dada yako alipiga sahani nyingi kuliko watu."

Wakacheka wote. Lakini Sindano aliliandika hilo pia.

Kesho yake walikwenda kwa mpiga picha. Aliwapokea vizuri, akawapa viti. Sindano akaikunjua karatasi. Mchumba alitaka kumsaidia kusoma, yeye akatikisa kichwa. Alitaka kuuliza mwenyewe.

"Siku hiyo utakuja wewe mwenyewe?"

Mpiga picha alisita. Kisha akasema ukweli. Siku hiyo ana harusi mbili. Yeye ataenda kwenye ile kubwa, na kwao atakuja mwenzake.

"Tunaweza kuona harusi moja nzima aliyopiga huyo mwenzako?"

Hakuwa nayo. Mwenzake alikuwa bado hajapiga harusi peke yake. Mpiga picha akaangalia ile karatasi, akacheka kidogo. "Samahani, dada. Kusema kweli, hakuna aliyewahi kuniuliza."

Waliagana naye bila ugomvi. Nje, mchumba alivuta pumzi ndefu. Alisema kama si karatasi ile, wangemjua mpiga picha wao siku ya harusi, wakiwa wameshavaa.

Mpiga picha wa pili alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani. Alifanya kazi kwenye chumba kidogo nyuma ya duka la daftari. Kabla Sindano hajakunjua karatasi, yule mama alianza kuwauliza wao. Harusi ni saa ngapi? Ukumbi una madirisha upande gani? Akasema atakwenda kuuona mapema, saa ileile, ajue mwanga unavyoingia.

Sindano akajihisi yuko kibandani kwake. Hofu ikamtoka. Akauliza yote, moja baada ya jingine. Yule mama akawaonyesha harusi nzima, tangu bibi harusi anasukwa hadi watu wanafagia ukumbi. Akawaonyesha na kazi za mwenzake atakayeshika nafasi yake akiugua. Picha zote, alisema, huzihifadhi mahali pawili siku hiyohiyo, na wao watazipata baada ya wiki sita. Wakaandika makubaliano, wakatia sahihi wote watatu.

Walipoinuka kuondoka, yule mama akavua miwani. "Bado swali langu la mwisho. Nani katika familia yenu hukimbia kamera?"

Sindano na mchumba wakatazamana.

"Mama," wakasema pamoja.

Mpiga picha akaliandika. Akaomba apewe mtu mmoja anayewajua ndugu wote na asiyeona haya kuwavuta mikono. Kazi hiyo akapewa dada mkubwa, na hapakuwa na haja ya kumbembeleza.

Siku ya harusi ukumbi ulijaa. Mwoka mikate alinyoa vizuri, na kwa mara ya kwanza nyusi zake zilikuwa nyeusi. Saa ya picha za familia ilipofika, dada mkubwa aliita majina kutoka kwenye orodha yake kama mwalimu. Wajomba walikuwepo. Shangazi walikuwepo. Mama hakuwepo.

Dada akaenda chumba cha nyuma. Sindano akainua gauni lake na kumfuata, na bwana harusi akawafuata wote wawili. Walimkuta Mama karibu na dirisha, anamshonea mjomba kifungo cha shati, na uzi uko mdomoni. Kando yake sinia la vikombe lilikuwa linamsubiri.

"Tangulieni, nakuja," alisema Mama.

"Mama," alisema dada mkubwa polepole, "siku yangu ulisema hivyohivyo."

Mama akaacha kushona. Mjomba akabaki na kifungo kikining'inia.

"Na hizi chai nani atawapelekea wageni?" Mama akauliza, lakini sauti yake ilikuwa imeshalegea.

Bwana harusi akainama, akalinyanyua sinia. Akasema yeye amebeba masinia ya mikate tangu ana miaka kumi, hili haliwezi kumshinda. Mama akamwangalia mkwe wake na suti yake mpya na sinia lake, akaangua kicheko huku uzi ungali mdomoni. Mabinti wakamshika, mmoja kulia, mmoja kushoto. Hakuna aliyesikia kamera ilipolia pale mlangoni.

Wiki sita zilipotimia, picha zikaja, kama ilivyoandikwa. Mama alivaa miwani ya kushonea, akajihesabu. Alikuwamo kwenye picha kumi na tisa. Akalalamika tu kwamba katika zote kilemba chake kimekaa upande, na hakuna aliyemwambia.

Siku hizi, bibi harusi akija kupimwa gauni, Sindano hamwachi aondoke mikono mitupu. Akimaliza kumpima, humpa nakala ya ile karatasi. Humwambia bila haya, "Mimi nimekuuliza maswali yangu. Nenda kamwulize mpiga picha haya."

Na ukutani sasa kuna fremu mbili, zote kazi ya Mama Vioo. Ile ya pili ni ya chumba cha nyuma. Mwanga wa dirisha umemwangukia Mama, mzima, toka kilemba hadi kandambili, anacheka katikati ya mabinti zake. Pembeni kabisa, kushoto, panaonekana kiwiko cha suti na nusu ya sinia.

Mgeni akija, Mama ndiye anayesimama kumwonyesha.

"Huyu ni mimi," husema. "Hawa ni wanangu. Na huyu," huku akigusa kile kiwiko, "ni mkwe wangu."