Ramani ya Utumbo

Jioni hiyo, mwezi wa pili mwaka 2013, mama alinituma kutoka nyumbani Nawoitorong, nje kidogo ya mji wa Lodwar, nimpelekee mjomba Akal tumbaku na sukari. Mjomba alikuwa ng'ambo ya mto Turkwel na wazee wenzake, wamechinja mbuzi. Kazi ya nusu saa, kwenda na kurudi. Nilivaa shati jeupe, kwa sababu saa moja nilitakiwa niwe saiba, na mimi sikai mbele ya kompyuta nikiwa mchafu.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa kinyaa. Mama hunitania kwamba nilizaliwa na kitambaa mkononi. Kwenye ile saiba niliyoisimamia Lodwar nilikuwa nafuta kibodi zote kwa spiriti mara tatu kwa siku, maana watu wanakula mandazi huku wanaandika barua za kazi, halafu wanashangaa herufi zinanata. Na utumbo wa mbuzi, hata uoshwe na kupikwa vipi, unanichafua roho. Sili ng'o.

Basi nafika, nakuta wazee wameketi mchangani chini ya mikoma, na utumbo umetandazwa juu ya ngozi. Wote. Mrefu, wa kijivujivu, una mafuta ya manjano na mishipa myembamba myekundu. Ulikuwa bado unatoa mvuke. Mzee Emanikor alikuwa ameinama juu yake na kijiti, anasoma. Kwetu hilo si ajabu. Mbuzi akichinjwa, anayejua kusoma husoma: mshipa huu ni mto, hapa ni maboma, doa hili ni watu wanakuja. Utumbo kwetu ni ramani.

Na mimi jioni hiyo nilikuwa nahitaji ramani.

Nieleze. Kabla ya Lodwar niliwahi kufundisha kompyuta kule Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi. Huko mgeni mmoja alituachia kitabu cha kanuni za mchezo na dadu zenye pande ishirini. Mchezo wenyewe ni hadithi. Msimamizi anasimulia, kila mchezaji anakuwa mtu fulani ndani ya hadithi, na dadu ndiyo inayoamua kama mtu ameruka shimo au ametumbukia. Nilipohamia Lodwar tuliendelea kwenye mtandao, kwa programu inayokuwekea meza kwenye skrini. Unapandisha picha ya ramani, kila mchezaji anapata kete yake ndogo, anaisogeza. Sehemu ambazo wachezaji hawajafika, msimamizi anazifunika weusi, anazifunua kidogo kidogo. Tulikuwa watatu. Mimi Lomuria, msimamizi. Puok, rafiki yangu Mnuer, ambaye kete yake ilikuwa dume la ng'ombe mwenye pembe ndefu. Na Monique, Mkongo, kete yake kofia nyekundu. Wao walichezea chumba kimoja cha kituo cha vijana pale Kakuma, kila mmoja na kompyuta yake.

Puok ndiye aliyenipokea siku ya kwanza nilipofika Kakuma, akanipa kitanda chake, yeye akalala chini wiki nzima. Nataka mjue alikuwa nani kwangu.

Nikatoa simu. Nikajifanya nasoma meseji. Nikapiga picha ule utumbo.

Mzee Emanikor aliinua macho.

"Umechukua nini?"

"Hakuna kitu, mzee."

Alinitazama kidogo, kisha akaendelea. Walipomaliza kusoma wakauchoma upesi upesi, na jua likiwa karibu kuzama kila mmoja akapewa kipande. Hata mimi. Kiliwekwa kiganjani mwangu, chenye majivu, na ndani yake bado mna yale majani yaliyosagika, mabichi, yanatoka kama dawa ya meno.

"Kula," mzee alisema.

"Nimeshiba, mzee."

"Hata kidogo. Kila jicho imeona hii kitu, lazima ikule."

Nikajifanya nakitia mdomoni. Nikakitupa nyuma ya mkoma. Kisha nikaaga, nikajipangusa mkono kwa mchanga mpaka ngozi ikauma.

Saa moja wateja walikuwa wametoka. Nikafunga mlango wa saiba, nikapandisha picha, nikaifunika yote weusi, nikaacha kipande kidogo cha kuanzia. Kusema kweli ilipendeza. Usingejua ni utumbo. Ungesema ni bonde refu, lenye njia inayojikunja na kujikunja.

"Buda, hii ramani umetoa wapi?" Puok aliniuliza kwenye spika za masikio. "Inakaa ni kama imelowa."

"Nimeichora."

Monique akacheka. "Weye Lomuria, utaacha uongo lini?"

Tukacheza. Nikasimulia bonde, ukungu, mji uliopotea. Puok alisogeza dume lake, Monique kofia yake, mimi nikawa nafunua weusi mbele yao. Kipande. Kipande kingine. Ilipofika kama saa mbili kasorobo nikafunua kona moja, nikaona kete.

Sikuwa nimeiweka.

Ilikuwa duara tupu, ya manjano. Manjano ya mafuta ya utumbo. Haikuwa na picha wala jina. Nikaangalia pembeni, kwenye orodha ya waliopo mezani. Lomuria. Puok. Monique. Na chini ya Monique, mstari mtupu.

"Nani huyo mliyemwalika?" niliuliza.

"Nani?" alisema Puok. "Si wewe ndio msimamizi?"

Nikajaribu kuifuta. Haikufutika. Nikafikiri ni mtandao, maana mtandao wa kwetu una vituko vyake. Halafu dadu ikaviringika kwenye skrini. Hakuna aliyeirusha. Ikatoa kumi na saba.

Kete ya manjano ikasogea.

Haikuruka kama kete nyingine zinavyoruka kutoka mraba hadi mraba. Ilifuata mkunjo wa utumbo, taratibu, na pale ilipopita picha ilikuwa inavimba kidogo, kisha inanywea. Kama koo la mtu anayemeza.

"Lomuria..." Monique alinong'ona. "Iyi kitu inatembea."

Ndipo harufu ikanifikia.

Saiba yangu ilinuka spiriti siku zote. Sasa ilinuka tumbo lililopasuliwa, lile joto chachu linalokushika hadi kwenye ulimi. Inzi wakaja. Sijui waliingilia wapi, mlango umefungwa na madirisha yana wavu. Wakatua kwenye skrini, wakawa wanalamba. Nikaweka mikono kwenye kibodi nifunge programu, vidole vikazama. Kati ya herufi palikuwa panatoka kitu kibichi, chenye nyuzi nyuzi, cha uvuguvugu. Majani yaliyosagika.

Dadu ikaviringika tena. Ishirini.

Ile kete ikaligusa dume la Puok.

"Tumbo..." alisema Puok. Neno moja tu. Nikasikia kiti kinaanguka, kisha sauti ya mtu anayetapika, ndefu, haikatiki.

"Puok? Puok!"

"Anatapika majani," Monique alisema. Sauti yake ilikuwa imepungua hadi nikaisikia kwa shida. "Lomuria, huyu mtu leo amekula ugali na sukuma wiki. Anatapika majani ya mbuzi."

Mtandao ukakatika.

Asubuhi Monique alinipigia. Puok alikuwa amelazwa. Daktari hakuona kitu, lakini tumbo lilikuwa limejaa, limekaza kama ngoma, na mtu akiweka mkono juu yake anahisi kitu kinapita chini ya ngozi. Kinapita, kinasimama, kinapita. "Anasema jambo moja tu," Monique aliniambia. "Anasema, mwambie Lomuria afunge mlango."

Niliona aibu. Nilifuta ile picha kwenye meza, nikaifuta na kwenye simu. Nilipofungua tena, ilikuwepo. Basi nikavuka mto kumtafuta mzee Emanikor. Alikuwa amefuata mbuzi wake, na nilimngoja pale bomani kwake, bila kula wala kunywa, hadi saa kumi.

"Ejok," nilimsalimu.

"Ejok-noi." Hakunipa mkono. "Kipande yako niliona nyuma ya mkoma. Hata mbwa alikataa."

Nikamwambia yote. Picha, mchezo, Puok. Hakushangaa kuhusu kompyuta. Alisikiliza kama mtu anayesikiliza habari za mto uliofurika.

"Mimi nilisoma hiyo matumbo," alisema. "Niliona mtu moja anatembea. Hana jina. Ana njaa. Anatafuta mlango ya kuingia."

"Ni nani, mzee?"

"Nikijua jina yake, ningemfukuza na jina. Sijui. Ndio maana tunakula njia yake yote, kabla jua kulala, asipate pa kupita. Kila mtu aliona, anakula. Sisi tulikula. Yako bado iko wazi."

"Ile ni picha tu."

"Sasa huyo rafiki yako anaumwa picha?"

Mzee aliangalia jua, akapima kwa vidole juu ya mstari wa mikoma. "Kula yote. Leo. Njia ikiisha, rafiki yako atapona."

"Na huyo anayetembea?"

Mzee alichukua muda mrefu kufunga mshipi wa kiatu chake.

"Sisi tulikula kabla hajatoka," alisema. "Wewe ulimwacha atoke."

Nilikimbia. Saiba ilikuwa na wateja watatu, nikawafukuza wote bila kueleza. Kompyuta yangu ilikuwa bado na ule uchafu, umekauka pembeni lakini katikati mbichi, na inzi wamejipanga. Nikafungua meza. Dume la Puok lilikuwa limevutwa hadi katikati ya bonde, mahali penye giza, na kete ya manjano imelilalia. Nikalishika kwa kipanya. Lilikuwa zito. Najua kete ya kwenye skrini haina uzito, msinifundishe. Lilikuwa zito, nikalivuta kwa mikono miwili mpaka likatoka nje ya ramani. Kofia ya Monique nayo nikaitoa.

Ile ya manjano haikutoka. Nilijaribu mara nane. Nje jua lilikuwa limefika kwenye paa la duka la jirani.

Nikachapisha ramani ilivyo, na ile kete ndani yake.

Karatasi nne. Printa ilizitoa polepole, inakohoa, na zilipoanguka hazikulia kama karatasi. Zililia *pwata*. Nilipoishika ya kwanza ilikuwa na joto, laini, inateleza. Nilizima taa ili nisiione. Nikajikaza. Nikauma.

Sitawaficha. Ilikuwa utumbo. Meno yaliteleza juu yake kabla hayajakata, na ulipokatika ukatoa maji chachu yaliyonijaa kinywani. Nilitafuna, haikulainika. Nikameza mapande mazima, nikiyasikia yanashuka moja baada ya jingine. Karatasi ya pili nilitapika nusu, nikaiokota sakafuni, nikaila tena, kwa sababu mzee alisema yote. Mimi, ninayefuta kibodi kwa spiriti. Nililia nikila. Nilikuwa namwona Puok amelala chini kando ya kitanda alichonipa.

Karatasi ya nne ndiyo iliyokuwa na yeye.

Nilimwahi jua likiwa limebaki ukucha. Nilipofika pale alipokuwa, meno yaligonga kitu kigumu, chenye pembe pembe. Hakikuvunjika. Kilikaa kwenye ulimi wangu, baridi, kikageuka chenyewe upande wa pili.

Nikameza.

Kilishuka polepole sana. Kilikuna koo, kilikuna kifua, kikasimama.

Simu ikalia. Monique. Alikuwa analia na kucheka pamoja. "Ameketi! Lomuria, tumbo imeshuka. Anaomba uji. Anauliza uko wapi."

Nilikaa sakafuni gizani nikamshukuru Mungu. Wakati huo nilifurahi kweli, sikuwa nafikiria jambo jingine.

Puok alipona kabisa. Alikuja Lodwar Pasaka, akala kwetu, mama akampenda kuliko mimi. Sikumwambia nilichokula. Mzee Emanikor nilimfuata mara mbili nimuulize swali moja lililobaki, na mara zote mbili aliniona kwa mbali, akageuza mbuzi zake njia nyingine.

Mwezi wa tano Puok mwenyewe aliomba turudi mezani. Nilichora ramani kwa mkono, kweli safari hii: nyumba nne na barabara iliyonyooka, hakuna mkunjo hata mmoja. Kabla ya kuanza niliangalia orodha ya waliopo. Puok. Monique. Lomuria. Chini yangu hapakuwa na mstari mtupu. Nikashusha pumzi.

Tulicheza vizuri kama saa moja. Sikuwa nimekula tangu asubuhi. Siku hizi chakula nakiogopa, nakula kidogo tu, njaa ikizidi.

"Lomuria," Monique alisema, "mbona unarusha dadu? Si zamu yako."

"Sijarusha."

"Tunaisikia buda, kwa maiki yako," alisema Puok. "Inaviringika."

Mezani kwangu palikuwa na kibodi, kitambaa na chupa ya spiriti. Sikuwa na dadu. Nilibana tumbo kwa mikono yote miwili, nikahisi kile kitu chenye pembe pembe kinageuka chini ya mbavu, kinagonga, kinageuka, kinagonga... kikatulia.

Kwenye skrini, kando ya jina langu, ikatokea ishirini.

Kisha kete yangu, mimi msimamizi ambaye sina kete, ikatokea barabarani. Ya manjano. Ikaanza kutembea kuelekea walipokuwa wenzangu.

"Ni nini hiyo?" aliuliza Puok.

Nikamwambia ni mtandao.