Mkono Mdomoni

Amos Tattersall alibandika viazi, akachukua ndoo, akateremka mferejini kuteka maji ya kufulia gauni la binti yake. Hapo Manchester mifereji haikuganda hata Januari. Viwanda vilitapika humo maji ya moto ya injini, na jioni mvuke ulifunika kingo zote mbili.

Bi Ogden, jirani yake, alikuwa ngazini.

"Kwa hiyo kesho unampeleka Keziah kiwandani?"

"Kesho."

"Miaka kumi na mmoja, Amos. Na wewe una mikono miwili."

"Mimi nafuma nyumbani kwangu. Sitapigiwa kengele kama ng'ombe."

"Ng'ombe angalau hunyonyesha ndama wake."

Amos akampita, akashuka hadi majini. Mkewe, Dorcas, ndiye aliyeikubali kengele ile. Alifuma kiwandani miaka minne, mpaka vumbi la pamba likamla mapafu. Walimzika wiki sita zilizopita, na sasa nafasi yake ilikuwa inamngoja mtoto.

Kengele ya kutoka ikalia. Injini ikazimwa. Amos akainama na ndoo...

Harufu ndiyo iliyotangulia. Mafuta ya mitambo, na pamba yenye joto. Harufu ya nywele za mkewe.

Ng'ambo, kwenye ukuta wa kiwanda, Dorcas alikuwa amesimama.

Midomo yake ilicheza, ikipanuka polepole bila sauti, kama wafumaji wanavyosemezana katika kelele za mitambo. Lakini mitambo ilikuwa imezimwa.

Kimya kabisa.

Aliziba mdomo kwa kiganja, kama alipokuwa akikohoa siku zake za mwisho. Kisha midomo ikaumba neno moja.

Mlete.

Mvuke ukapita. Ukuta ulikuwa mtupu.

Nyumbani, Amos alimsimulia Keziah. "Mama yako ameridhika. Amesema nikupeleke."

"Alisemaje, baba? Nionyeshe."

Amos akaziba mdomo, akakohoa, akalitamka lile neno.

"Alikohoa kweli?"

"Aliziba mdomo."

"Kifua kilitikisika?"

Amos alifikiri. "Hapana."

"Kule kiwandani hawasikii 'hapana', baba. Wakitaka kulisema, wanaziba mdomo. Mama alinifundisha." Sauti ya Keziah ikashuka. "Alisema usinipeleke."

Miaka minne Amos alilala na mwanamke mwenye lugha nyingine nzima, wala hakuwahi kumwuliza neno moja.

Asubuhi alimwacha Keziah usingizini, akaifuata kengele mwenyewe. Msimamizi alicheka, akamkabidhi kibao chenye tundu, kinachopitisha uzi kwenye mtambo. Nyumbani Amos alizoea kuuvuta uzi tunduni kwa sindano.

"Hapa tunavuta kwa mdomo, mzee. Hicho kilikuwa cha Dorcas. Hakijaguswa tangu afe."

Amos akaweka midomo kwenye tundu, akavuta pumzi.

Uzi ulikuja umelowa mate tayari. Ulikuwa na joto.