Mashuka Yasiyokunjika

Shuka lilikataa kukunjika. Mama Pasi alilishika pembe mbili, akalibana kidevuni, akalikunja kama alivyokunja mashuka tangu ujana wake. Shuka likajifungua lenyewe, taratibu, likalala kitandani bila alama, kana kwamba halijawahi kuguswa na mkono wa mtu.

"Hili umelinyoosha wewe?" akamuuliza mkwewe.

"Mimi, Mama." Mke wa mwanawe alisimama mlangoni, mikono kaificha nyuma. "Meneja kasema nikuletee ulione. Eti tangu hoteli ifunguliwe haijapata kuwa na mashuka kama hayo."

Hapo ndipo palipomchoma. Tangu hoteli ifunguliwe! Na aliyekuwa akinyoosha miaka yote hiyo nani, paka?

Mama Pasi aliingia chumba cha pasi cha hoteli ile akiwa bado bibi harusi, enzi za pasi za mkaa, unapuliza majivu huku roho mkononi, cheche isije ikadondokea foronya nyeupe. Zikaja pasi za umeme. Mameneja wakaja wakaondoka, mmoja mwizi, mmoja mlevi, na huyu wa sasa, mtoto wa juzi, ambaye manukato yake hufika kabla yake. Yeye akabaki. Mumewe alizikwa leo, kesho yake alikuwa mezani na pasi, maana wageni wanalala hata kama mumeo amekufa. Magoti yalipogoma, wakamwita ukumbini wakampa chupa ya chai yenye jina la hoteli. Meneja akasoma hotuba nzuri, akamwita kwa jina la mpishi. Watu wakapiga makofi. Na yeye akapiga. Angefanyaje?

Walipomuuliza nani ashike nafasi yake, akamtaja mkwewe. Watu wakasema, huyo ndiye mama mkwe mwenye moyo. Moyo gani! Alimtaja kwa kuwa alijua ataunguza. Msichana mwenyewe hata sukari hakorogi bila kumwaga chai. Mama Pasi alichotaka ni waje mlangoni kwake, meneja mbele, wambembeleze: rudi mama, tumekoma.

Hawakuja. Aliyekuja ni mfuaji wa hotelini, shoga yake wa siku nyingi. Alikunywa chai yote kwanza, ndipo akasema.

"Usinichukie, shoga, lakini yule kakupita. Adhuhuri haijaingia, kamaliza. Na jasho hana."

"Hana jasho? Kwenye chumba kile?"

"Hana. Na mlango anaufunga. Ukipita unasikia pasi inakwenda, shhh, shhh, na yeye unamsikia anacheka." Mfuaji akashusha sauti. "Anacheka na nani, sijui."

Mama Pasi hakulala vizuri. Asubuhi akajikokota na magoti yake mpaka hotelini, akaingia kwa mlango wa jikoni. Ujia wa kwenda chumba cha pasi ulikuwa kimya, wapishi wote wako mbele wanawahudumia wageni. Alijua harufu ya ujia ule kama anavyojua jasho lake: wanga, mvuke, sabuni. Leo ilikuwepo nyingine chini yake, harufu ya nywele zilizopitiwa na moto, na kadiri alivyousogelea mlango ndivyo ilivyomkaa kooni, na ile shhh, shhh ikawa inasikika, si kasi wala polepole, mkono wa fundi kabisa, na akiwa bado anajiambia kwamba kumbe msichana amejifunza, akaweka jicho kwenye ufa wa mlango na kumwona mkwewe ameketi kwenye kigoda, kile kile kigoda ambacho yeye hakupata nafasi ya kukikalia isipokuwa siku za mimba, miguu kainyoosha, kikombe cha chai mapajani, na pale mezani pasi inakwenda na kurudi peke yake, inapinda kwenye kona za foronya, inainuka, inapumua, inashuka, na kila inaposhuka, kitambaa kilicho mbele yake kinabonyea kama kinachoshikiliwa na kiganja.

Mwingine angepiga kelele. Mama Pasi mkojo ulitaka kumtoka, ndiyo. Lakini kilichompanda kooni hakikuwa kelele.

Mimi, aliwaza. Miaka yote ile, humu humu, vidole vyangu vimeungua mpaka havisikii tena, na wewe ulikuwepo? Ulikuwa unanitazama?

Akarudi nyumbani bila kumwambia mtu.

Jioni wakiwa mezani, kijiko kilimtoka mkwewe mkononi. Akakiokota, kikamtoka tena. Mumewe akamshika mkono amtanie, akaugeuza kwenye taa.

"Mama," akasema pole pole. "Hebu tazama huku."

Kiganja kilikuwa cheupe na laini kama sahani. Hakuna mstari hata mmoja. Vidole havikuwa na zile alama za kwenye viungo, na vilipotakiwa kujikunja vilibaki vimenyooka, vinatetema kidogo.

"Tangu lini?" mwanaume akanong'ona.

"Vilianza vidole vya miguu." Msichana alikuwa analia, na uso wake ukilia haukubadilika. "Siku ya kwanza niliunguza foronya. Nikalaza kichwa mezani nikasema, nisaidiwe na yeyote, yeyote tu, mama mkwe asinicheke. Nikahisi mkono wa moto unanipapasa mgongoni. Sasa usiku inafika shingoni, Mama. Nikimeza, koo linakataa kujikunja."

Mama Pasi akakiokota kile kijiko, akakiweka mezani.

Mganga aliletwa kesho yake alasiri, mwanamke mfupi mwenye kikohozi, asiyependa maneno. Alimlaza mgonjwa sakafuni, akamfunika, akafukiza ubani mpaka kuta zikapotea. Kisha akawageukia mama na mwana.

"Aliyemo ndani yake atasema. Akisema, hamna masikio. Mtu akimjibu, hata neno moja, huyo ndiye kamkaribisha. Mmenielewa?"

"Tumeelewa," wakasema.

Akaanza kusoma. Kwa muda mrefu hakikusikika kitu ila kikohozi chake na makaa yakipasuka. Halafu chini ya lile shuka ikaanza shhh, shhh, na ile harufu ya nywele zilizoungua ikaupiga ubani chini, na sauti ikatoka kinywani mwa msichana ambaye midomo yake haikuwa ikisogea, sauti ya upole, ya mtu aliyezoea kuongea na watu wanaofanya kazi, ikasema kwamba inaondoka, haina ugomvi na mtu, chumba kile kilikuwa chake kabla ya hoteli na wanyooshaji wote imewaona, na wa kumsifu ni mmoja tu, yule bibi pale ukutani, ambaye mkono wake ulikuwa hauna kosa, ambaye alikuwa akisimama mpaka miguu inavimba na hakuna aliyemwambia ahsante, wala hata jina lake hawakulijua.

Mganga akamtazama Mama Pasi, akatikisa kichwa kwa nguvu. Mwanawe akambana mkono.

Akafumba mdomo. Akaufumba mpaka meno yakauma.

"Basi mbona mimi," likamtoka, "hukuninyooshea hata leso?"

Ubani ukazima papo hapo. Kwenye giza lile la moshi, kitu chenye joto kikampapasa mgongoni, taratibu, toka shingoni kushuka chini.

Msichana akakohoa, akakunja ngumi, akaitazama ngumi yake na kuanza kucheka na kulia. Mganga alikusanya vitu vyake bila kumuaga mtu.

Magoti ya Mama Pasi yalipona usiku uleule. Mkwewe hakutaka tena kukanyaga hoteli ile, na siku ya tatu meneja akaja mwenyewe mlangoni, mikono kaikutanisha: rudi mama, tumekoma. Akarudi. Sasa anakaa kwenye kigoda. Watu wanamwambia anazidi kuwa kijana, kunyanzi halionekani.

Ni mkwewe tu ambaye jioni moja alipiga magoti mbele yake, akamshika kiganja, akakigeuza kwenye mwanga.

"Mama, nakuomba. Tumrudishe mganga. Mimi najua kinapoishia."

"Una wivu wewe," akasema Mama Pasi. "Kakuacha, kaja kwangu. Wivu tu huo."

Akavuta midomo amsonye vizuri, msonyo wa kumkalisha mtu. Midomo ikabaki imelala usoni, laini, haina pa kukunjia.