Abiria Asiyeshuka

Shokapu za nyuma zilikuwa zimebonyea, na hakuna mtu aliyekuwa amekaa.

Winfrida alisimama mlangoni mwa gereji yake pale Mwembesongo, Morogoro, funguo bado mkononi, akaitazama ile pikipiki. Jana jioni aliiacha imeinuka vizuri, springi mpya, kazifunga mwenyewe. Asubuhi hii nyuma kumeshuka kama punda aliyebebeshwa magunia mawili. Akachuchumaa, akapima kwa vidole. Vidole vitatu vizima. Akaweka kiganja kwenye siti ya abiria. Ngozi ilikuwa na joto, kama kiti ambacho mtu amenyanyuka sasa hivi.

"Springi za siku hizi," alinung'unika, ingawa hakukuwa na wa kumsikia. Akachukua spana.

Winfrida hakuwa mtu wa kuogopa vyuma. Miaka kumi na sita alifanya kazi kwenye karakana ya matrekta ya shamba la miwa huko Turiani, na wanaume waliomcheka mwanzoni ndio waliokuja kumwita fundi mkuu. Mumewe Oscar alikuwa mpimaji kwenye shamba hilohilo, mpaka siku trela lilipomlalia nyonga. Wakati yeye amelazwa mguu ukining'inizwa, mama yake alifariki, akazikwa kijijini kwao juu ya Kinole, na Oscar hakuweka hata konzi moja ya udongo. Kaburi liko mahali ambapo gari haifiki, na nyonga ile haipandi mlima. Miaka sita alikuwa akilisema jambo hilo kwa mzaha. Mwaka huu aliacha mzaha.

"Nikifa sijafika pale, Mama Yere," alimwambia mkewe jioni moja, "nitamwambia nini?"

Ndipo Winfrida alipoikumbuka pikipiki ya Bi Pili. Ilikuwa ya Kiingereza, ya pistoni moja kubwa, na ilikuwa imemzidi umri. Marehemu Mzee Salehe, mume wa Bi Pili, alikuwa akishushia nayo iliki na mdalasini kutoka Kinole mpaka mjini. Tangu afe, miaka kumi na moja, ilikuwa imefungiwa ghalani. Winfrida alipokwenda kumtengenezea bibi huyo mashine ya kusaga, aliiulizia. Bi Pili aliielekeza kwa kidevu tu, akiwa amesimama mbali na mlango wa ghala.

"Chukua. Ichukue leo leo, mwanangu."

Mpango ukawa mmoja: yeye aendeshe, Oscar akae nyuma. Wapande mpaka kaburini, kisha washuke wapite Matombo na Mvuha kuwaona ndugu, siku mbili njiani. Majirani walicheka kusikia mwanamume atapakizwa na mkewe. Oscar naye alicheka pamoja nao.

Kwa wiki mbili kazi ilikwenda. Alisafisha kabureta, akabadilisha ringi za pistoni, akafunga cheni mpya, akanyoosha spoki moja baada ya nyingine. Kila alipoifungua, pikipiki ilitoa harufu ya iliki na udongo wa mlimani uliolowa. Aliona sawa, maana ilikaa ghalani na viungo. Lakini aliisafisha kwa petroli mara mbili, na harufu ikazidi kuwa mbichi, kana kwamba iliki yenyewe imechumwa asubuhi hiyo.

Siku ya Alhamisi, alasiri, alimwita Oscar aje apimiwe pa kuwekea miguu. Oscar akaegemeza fimbo yake ukutani, akashikwa mkono, akakaa siti ya nyuma.

Pikipiki haikushuka. Iliinuka.

"Mama Yere," Oscar alisema, tabasamu likiwa limemkauka. "Kuna mtu kanisogelea."

"Nani akusogelee? Tupo wawili hapa."

"Nimesogezewa paja. Kama kwenye benchi la kanisani, mtu anapokupisha." Akashuka haraka kuliko nyonga yake ilivyoruhusu, na siku hiyo hakula vizuri.

Kuanzia hapo, Oscar alianza kuwa mwepesi.

Si kwamba alikonda. Kitambi chake kilikuwa palepale, mashavu yaleyale, mkanda uleule tundu lilelile. Ila alipogeuka kitandani chaga hazikulia. Alipopita uani baada ya mvua, fimbo yake iliacha tundu kwenye matope, lakini miguu haikuacha kitu. Winfrida alimpeleka zahanati. Nesi akampandisha kwenye mizani, akaitikisa, akaleta mizani nyingine.

"Mwezi wa tatu alikuwa kilo sabini na mbili," nesi alisema, akimtazama Oscar juu mpaka chini. "Hii inasema hamsini. Lakini mbona... shemeji, hebu panda tena."

Ilisema arobaini na tisa.

Winfrida alirudi gereji moja kwa moja. Alichukua viroba vya mchanga, akavipima, akavipanga kimoja kimoja kwenye siti ya pikipiki nyingine yenye springi kama zile, huku akichungulia ni kiasi gani zinashuka. Kilo ishirini na tatu zilizibonyeza sawasawa na zilivyobonyea zile za Mzee Salehe ambazo hazikuwa na kitu juu yake. Alirudia hesabu. Kisha akachukua spana, akaing'oa siti ya nyuma, akaitupa pembeni pa matairi mabovu, akafunga gereji.

Asubuhi siti ilikuwa mahali pake. Boliti zilikuwa zimekazwa kuliko mkono wake unavyoweza kukaza.

Akaifungua pikipiki yote. Akaifunga. Akaifungua tena. Hakujua anatafuta nini, alijua tu kwamba akikaa chini bila spana mkononi atapiga kelele. Jioni, adhana ya magharibi ikilia na taa za maduka zikiwaka, aligeuka kuchukua kitambaa, na nyuma yake akaisikia springi ikilia polepole, nyiiii, kama inavyolia mtu mzito anapojiweka vizuri ili atazame barabarani.

Kesho yake upepo ulishuka kutoka mlimani, ule unaoleta mvua, na Oscar alikuwa akifungua geti. Winfrida aliona shati la mumewe likijaa upepo, akaona visigino vikiacha ardhi, kisha vidole, na mwanamume mzima wa miaka hamsini na mbili akabaki ameng'ang'ania nondo za geti, miguu ikipepea kama kanga kwenye kamba, mdomo wazi, bila sauti. Alimkimbilia, akamkumbatia kiunoni, akamvuta chini. Alikuwa mwepesi kama kapu tupu.

Akamlaza, akamwekea kiroba cha mchanga mapajani, akampigia simu Bi Pili.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba." Kisha sauti ya chini: "Amepanda nyuma? Mumeo amepanda?"

"Nani aliyekaa pale, bibi?"

Bi Pili alilia kwanza. Kisha akaeleza, kwa kunong'ona, kama mtu asiyetaka kuta zimsikie. Mzee Salehe alikuwa akishuka na mzigo, mvua inanyesha. Kwenye kona ya maji, juu ya Kinole, mwanamke alimsimamisha. Alimwomba amfikishe mjini akazione taa, kisha amrudishe kabla ya jua kuzama. Salehe akakubali. Walipofika Morogoro akatazama kwenye kioo cha pembeni asimwone mtu, hali mikono ilikuwa imemshika kiunoni. Akaiacha pikipiki palepale, akakimbia. Watu walimletea nyumbani siku ya tatu, na yeye akaifungia ghalani, akaapa hataigusa.

"Hakumrudisha," Bi Pili alisema. "Aliogopa. Yule abiria akaanza kujilipa kwa uzito wa mwili wa mume wangu. Siku ya mazishi, mwanangu, jeneza lilibebwa na watu wawili, tena kwa mkono mmoja mmoja."

"Ulijua, bibi. Ulijua ukanipa."

"Nilijua. Miaka kumi na moja nasikia siti inalia ghalani. Nilichoka. Nisamehe."

Winfrida hakumsamehe. Alisema, "Anataka nini?"

"Arudishwe. Aendeshaye awe peke yake. Na mtu wa nyumba iliyomkosea amwombe radhi pale pale alipopandia. Nimebaki mimi tu. Nitakungoja kwenye kona."

Asubuhi Winfrida alimwacha Oscar mikononi mwa jirani yao Godfrey, akamwambia asitoe kiroba hata kwa sekunde moja. Akaangalia mafuta, akakaza klachi, akapiga kiki. Injini iliwaka kwa kiki ya kwanza, jambo ambalo haikuwahi kulifanya, ikanguruma kwa furaha isiyokuwa yake.

Mpaka Mkuyuni palikuwa na jua. Barabara ilipoanza kupanda mvua ilimpokea, nyembamba kwanza, kisha nzito, na mbele ya pikipiki kukawa kwepesi kiasi kwamba usukani ulicheza mikononi kama wa baiskeli, kwa sababu nyuma uzito ulikuwa unaongezeka kila kona, na harufu ya iliki ilikuwa imemfunika kichwa kama shuka, na alipokuwa akipita kati ya migomba na mikarafuu huku watu wa barazani wakiinua mikono kumsalimia kisha wakiishusha ghafla bila kumaliza, alihisi mikono miwili ikipita kiunoni mwake, taratibu, kwa adabu, ikajishika mbele, vidole vikisokotana juu ya kitovu chake, na shavu la baridi likajilaza kati ya mabega yake.

"Taa zilikuwa nzuri," sauti ilisema sikioni. Ilikuwa ya msichana. "Sikuzimaliza."

Winfrida alivuta resi. Hakutazama kioo.

Bi Pili alikuwa kwenye kona ya maji, peke yake, amesimama chini ya mwavuli wa kijani, miguu peku. Winfrida alisimamisha pikipiki, na yule bibi akaukunja mwavuli, akapiga magoti kwenye tope. Alisema maneno mengi kwa Kiluguru, mengine akiyarudia, akilitaja jina la Salehe na lake mwenyewe. Maji ya kijito yalikuwa yakilia. Mikono kiunoni ililegea, kidole kimoja baada ya kingine.

Springi ziliruka juu kwa kishindo hata Winfrida akagonga kifua kwenye usukani. Simu yake ikaita.

"Mama Yere!" Godfrey alikuwa anapiga kelele. "Baba Yere kavunja chaga! Kazama na godoro na kiroba chake! Anakutukana wewe na mchanga wako!"

Winfrida alicheka akilia. Alipotulia alimwona Bi Pili bado yuko chini, akiwa ameliegemea jiwe la pembeni mwa kijito, anapumua kwa shida.

"Twende nikushushe, bibi."

"Hapana. Usipakize mtu hapa. Tangulia, nitakuja kwa miguu."

Angeweza kumbembeleza. Angeweza kuzima injini, wakashuka pamoja wakiikokota. Lakini hasira ilikuwa bado mpya, na aliona si vibaya mwanamke yule alowe kidogo. Akageuza, akashuka.

Wiki mbili baadaye, Oscar akiwa na kilo zake sabini na mbili, walianza safari yao. Springi zilishuka alipokaa, kama inavyopasa, na Winfrida aliifurahia sauti hiyo kuliko kwaya. Walipofika Kinole akasimama nyumbani kwa Bi Pili kusalimia. Mlango ulikuwa na kufuli. Mpwa wa bibi, Ahmadi, alikuwa amekaa kibarazani, macho mekundu.

"Hajashuka tangu siku ile," alisema. "Tumemkuta pale kwenye jiwe, mzima, anaongea. Amegoma kunyanyuka. Wanaume wanne tumemshika, shemeji, wanne, kibibi kile. Hata mguu hatukuweza kuuinua. Maalimu anasoma kila siku. Chakula tunampelekea."

Njia ya kwenda kaburini ilipita pale pale.

Kwenye kona walikuta wamemjengea kibanda cha makuti. Bi Pili alikuwa amekaa juu ya jiwe, mikono magotini, na jiwe lenyewe lilikuwa limedidimia ardhini nusu yake. Maalimu alikuwa akisoma kwa sauti iliyochoka. Bibi aliposikia injini aliinua uso, akatabasamu.

"Springi zako nzuri," alisema kwa sauti ya msichana. "Bado kuna nafasi?"

Oscar alimbana mkewe kiunoni mpaka pumzi ikamkata. Winfrida hakuweza kusogea. Ndipo tabasamu la yule bibi lilipotetemeka, likapotea, na kutoka mdomo uleule ikatoka sauti nyingine, ya kizee, iliyokwaruza, kama ya mtu anayeuzuia mlango kwa mgongo.

"Pita, mwanangu. Nimemshika. Pita upesi."

Winfrida alitia gia ya kwanza. Alitaka kusema neno, ahsante, au lile la kusamehe ambalo alikuwa amelinyima, lakini gurudumu lilikuwa limeshaanza kuzunguka. Wakapanda. Nyuma yao kisomo kikaendelea kwa muda, kisha mvua ikakimeza.

"Mama Yere," Oscar alinong'ona walipoliona kaburi la mama yake, jeupe kati ya majani. "Kurudi tunapitia wapi?"

Winfrida alizima injini, akamshika mkono ashuke. Oscar alizaliwa mlimani pale, na alijua vizuri kama yeye kwamba njia ni hiyo hiyo moja.