Gari la Pili la Papa Cyprien

KABLA YA MISA

Chumba cha nyuma cha nganda, baa ya mtaani, kilinuka bia iliyomwagika. Nje, soko la Nyawera lilikuwa limeamka: wabeba mizigo wanatukanana, pikipiki zinapiga honi. Ndani, watu wanne walikaa kuzunguka meza. Juu ya meza kulikuwa na bunduki mbili na kipande cha bomba la chuma.

Virginie alikiinua kile kipande.

"Kwa hii gari, bomba za moshi ziko namna tatu," alisema. "Ya kwanza ni ya barabara. Nyuma iko sanduku kubwa ya kuzima makelele. Mutu yeyote anaiona. Ya pili ni ya mashindano. Sanduku haiko. Bomba ine zinapita chini ya tumbo, mbili-mbili, chuma nyembamba, laini, na kila kiungo kimepigwa namba huko kiwandani. Ya tatu ni kopi ya hiyo ya mashindano. Ukisimama nyuma hauone tofauti. Lazima uingie chini. Kopi ni chuma nzito ya hapa Bukavu. Iko na mushono. Namba haiko."

"Nani alitengeneza kopi?" Didier aliuliza. Didier alikuwa dereva wao, mtu wa maneno machache.

"Papa yetu," Josué alijibu. Alikuwa mdogo wake Virginie, tumbo moja, naye alimtaja baba yao kama mtu anayejisifu.

Mardochée aligonga meza kwa mkono wake wenye vidole vitatu. Vingine viwili aliviacha jeshini. Alikuwa chef, mkubwa wao, na chef hakupenda hadithi ndefu.

"Musikilize. Cyprien wa Muhumba, ule wa zahabu, iko na gari mbili nyekundu za Kiitaliano. Mapacha. Moja iko na bomba za kweli, ingine iko na kopi. Mununuzi anataka ile ya kweli tu. Leo Cyprien anaoza binti yake. Gari moja inapeleka bibi harusi kwa misa. Ingine inabakia nyumbani na sentinel mumoja. Kama ya kweli iko nyumbani, tunabeba, tunaenda."

"Na kama iko kwa harusi?" Didier aliuliza.

"Tunangojea cortège, musururu wa harusi, kwa muteremuko. Tunapiga."

"Mule muko batoto, chef. Muko bamaman."

"Wewe ni shofere, Didier. Endesha."

Virginie alimtazama mdogo wake. Josué alikuwa anajaza risasi, moja moja, huku anapiga mluzi. Miaka miwili iliyopita alikuwa anauza vocha za simu. Mardochée alimchukua yeye kwanza. Dada mtu alifuata ili amlinde, na sasa mikono yake ilijua kufungua kila aina ya gari mjini. Hakuwa malaika. Lakini harusi?

MISA IMEANZA

Lori la Didier liliingia Muhumba kinyumenyume, limebeba mbao mbili pana na winchi. Gari jekundu lilikuwa chini mno. Barabara ya Katana, alikokuwa anangoja mnunuzi, ingelipasua tumbo kabla hata ya Kavumu, kwa hiyo ilibidi lipande lori.

Mlinzi alifungua mlango mdogo wa geti akiwa na sahani ya wali wa harusi mkononi. Jina lake Papa Honoré. Josué alimsukuma ndani. Sahani ilivunjika.

"Lala chini! Chini!"

Mzee alilala. Kisha akainua kichwa, akamwona Virginie anapita na taa.

"Virginie? Mutoto wa fundi Sagesse? Papa yako alikuwa anakula hapa na mimi, mama. Unafanya nini na hawa?"

Virginie alisimama.

"Amekujua," Mardochée alisema.

"Chef, hatasema. Papa Honoré, utasema?"

"Sitasema kitu, mwanangu. Kwa jina la Bikira."

Mardochée alimkanyaga mgongo, akainama, akapitisha kisu shingoni. Ilikuwa kazi ya sekunde chache. Miguu ya mzee ilipiga sementi, ikapiga tena, ikatulia. Kiatu kimoja kilitoka. Damu ilichanganyika na wali, ikateremka polepole kuelekea mfereji.

Josué hakupiga mluzi tena.

"Chini ya gari," Mardochée alimwambia Virginie, akifuta kisu kwenye suruali. "Fanya kazi yako."

Aliingia chini kwa mgongo. Bomba nne zilipita juu ya uso wake, mbili-mbili, nyeusi. Hakuhitaji hata kuzigusa. Mshono ulikuwa pale, mistari midogo ya ulehemu iliyolala sawasawa kama dengu zilizopangwa. Hakuna mtu mwingine Bukavu aliyelehemu hivyo. Baba yake alikuwa anashika pumzi mpaka amalize kila mstari.

Kopi. Gari la kweli lilikuwa kanisani.

Kutoka chini kule, kupitia ukuta, alisikia kengele. Misa ilikuwa inakaribia mwisho. Muda si mrefu watu wangetoka, matarumbeta yangelia, watoto wangekimbia pembeni mwa gari jekundu. Na Mardochée angekuwa anangoja kwenye mteremko.

"Virginie! Ni yenyewe?"

Aliona viatu vya chef. Kimoja kilikuwa na damu ya Papa Honoré.

"Ni yenyewe," alisema.

"Namba iko wapi?"

Mardochée aliinama, kichwa chake kikaingia chini ya gari. Virginie aliweka kidole juu ya kovu la zamani la chuma, mahali penye masizi mengi.

"Hapa. Unaona?"

Chef alikodoa macho. Masizi yalimwangukia usoni. Alitema mate.

"Nimeona. Pakieni."

Didier aliingia ndani ya gari, akawasha. Sauti ilitoka nzito, ya kifuani, kama ng'ombe mgonjwa. Bomba nyembamba za kiwandani hupiga kelele kali, za kukata sikio, na Didier aliwahi kumsikia Cyprien akipita nalo gari la kweli siku za sikukuu. Aligeuza kichwa. Alimtazama Virginie kupitia kioo. Virginie alimtazama yeye.

Didier alikaza midomo, akalipandisha gari juu ya mbao.

BAADA YA MISA

Lori lilipita vizuizi vyote. Mardochée alikuwa amevaa sare yake ya zamani, amekaa mbele na Didier, na askari walimpigia saluti. Nyuma, chini ya turubai, Virginie na Josué walikaa ndani ya gari jekundu, giza, magoti yakigusana na dashibodi.

Barabara iliwatupa huku na huku. Josué alimsogelea, akamwita yaya, dada mkubwa, kama zamani.

"Yaya, ule muzee. Aliniangalia."

"Najua."

"Sikujua atamuua."

Virginie alimshika mkono, mkono wa baridi.

"Josué, sikiliza. Hii gari si yenyewe. Ni kopi ya papa. Tukifika Katana, kabla hawajaangalia, mimi na wewe tunaruka, tunaingia mu migomba, tunakimbia. Unasikia?"

Josué aliutoa mkono wake.

"Umedanganya chef?"

"Angeenda kuua batu kwa harusi!"

"Atatuua sisi!"

"Ndiyo maana nakuambia. Tukimbie pamoja."

Josué aligeukia mlango. Virginie alidhani ni woga tu, kwamba utapita. Alikuwa amemlea tangu mama yao alipofariki. Alimjua.

Lori lilisimama. Turubai ikafunguliwa ghafla, na mbele yao hakukuwa na migomba. Kulikuwa na ufuko mtupu, maji ya ziwa, boti ya buluu yenye injini, na vijana wa mnunuzi wenye bunduki. Hapakuwa pa kukimbilia.

MCHANA, UFUKONI

Mtu wa mnunuzi aliitwa Jean-Claude. Alivaa miwani na viatu vya kitambaa vilivyolowa. Hakumsalimu mtu.

"Teremsheni nusu. Nataka kuona tumbo."

Virginie alibaki juu ya lori, kwenye winchi. Alilegeza kamba ya chuma mpaka magurudumu ya nyuma yakawa juu ya mbao na tumbo la gari likaonekana kwa chini. Kamba ilikaza. Jino linalozuia winchi likashika. Jean-Claude alimulika kwa simu. Alikwangua masizi kwa kisu. Aligonga bomba la kwanza, la pili. Sauti ilikuwa butu.

Alizima simu.

"Kopi. Mushono huu hapa. Namba haiko hata moja. Umenipotezea siku, Mardochée."

Mardochée alisimama mwisho wa mbao, mikono kiunoni. Aliinua macho taratibu.

"Virginie. Ulinionyesha namba."

Kabla Virginie hajafungua mdomo, Josué aliruka kutoka kwenye lori, akaanguka kwa magoti mchangani.

"Alijua, chef! Aliniambia mu njia! Alitaka tukimbie. Mimi nilikataa. Mimi simo, chef, simo!"

Virginie hakulia. Alimtazama tu, kichwa kile alichokuwa akikinyoa mwenyewe kila Jumapili.

Mardochée alitoa bastola. Mlango wa lori ukafunguka kwa nguvu.

"Na mimi nilijua," Didier alisema. Alishuka akiwa ameinua mikono. "Nilisikia sauti ya gari tangu Muhumba. Nikanyamaza. Ungemwaga damu ya batoto, Mardochée. Mimi niko na batatu."

Chef alimpiga risasi ya tumbo, bila kubadilisha uso. Didier aliketi chini kama mtu aliyechoka, akashika tumbo kwa mikono miwili, akaitazama damu ikipita kati ya vidole.

Bastola ikageuka kwa Virginie.

Yeye alipiga jino la winchi kwa kisigino, likaachia.

Kamba ililia. Gari lote liliteremka mbao kwa kinyume, bomba nne mbele. Mardochée alifyatua mara moja, risasi ikapasua kioo. Hakupata nafasi ya pili. Bomba zilimwingia mapajani, gari likamsukuma mpaka kwenye jiwe la kufungia boti, na hapo likasimama. Mfupa ulilia kama kuni kavu. Alipiga ukelele mrefu, akapiga mwingine mfupi, kisha kichwa kikalala juu ya rangi nyekundu.

Vijana wa mnunuzi walitazama Jean-Claude. Yeye alikuwa tayari ndani ya maji mpaka magotini.

"Si vita yetu. Twende!"

Josué aliinuka. Alitazama boti, akatazama lori. Akakimbilia boti. Walimvuta kwa kola. Injini iliunguruma, na hapo ndipo alipogeuka, amenyoosha mkono.

"Yaya! Kuya! Yaya, panda!"

Virginie alikuwa ameshuka lori, anapita ndani ya maji kumfuata. Kwa kitambo alisimama. Nafasi ilikuwepo. Nyuma yake Didier alikuwa anahema kama mbwa, midomo imekuwa myeupe.

Aligeuka, akamshika Didier chini ya makwapa.

"Usikufe, Didier. Unisikie. Usikufe."

"Endesha polepole," Didier alinong'ona. "Klachi inashika juu."

HOSPITALI, KATANA

Walimpokea Didier mlangoni, kutoka kwenye lori. Wauguzi walimkimbiza ndani, nguo zikikatwa kwa mkasi njiani. Virginie angeweza kuondoka hapo. Alikaa kwenye benchi.

Polisi walikuja jua likiwa bado juu. Afisa aliyekuwa mbele alitazama mikono yake iliyojaa damu, akaketi mbali kidogo.

"Mulikuwa bangapi?"

"Bane."

"Bako wapi?"

"Mumoja amekufa kule ufukoni. Ule waliyemuingiza kupasuliwa, ni Didier. Ye hakuua mutu. Muandike hivyo."

"Na wewe ni wa tatu. Wa ine?"

Muuguzi mmoja alipita na ndoo. Kule ndani mtu alikuwa anaita kwa sauti aletewe damu zaidi. Virginie alimfikiria Papa Honoré, na kiatu chake kilichotoka, na mtu ambaye angekwenda kumwambia mke wake.

"Anaitwa Josué," alisema. "Ni mudogo wangu. Ameenda upande wa kisiwa cha Idjwi na boti ya buluu."

Afisa alisimama, akatoa simu. Virginie alimshika mkono wa shati.

"Hajui kuogelea," alisema. "Mukimufikia kwa maji, musimufukuze."